Hodi ya Waziri

Jumatatu, 23 Februari 1998

Barua imefika. Si ya Mama Regula mwenyewe – mkono wake wa kulia bado umelala, na ulimi pia. Tangu kiharusi cha Desemba hajatamka neno hata moja. Ameandika Vreni, binti wa dada yake, Kiingereza cha kunyooka, hata mimi nilikielewa chote mara ya pili.

Basi ni hivi. Mama harudi tena Diani. Miaka kumi na minne imekwisha hivyo hivyo. Nyumba imeuzwa, mwenyewe mpya anaingia tarehe mosi Aprili na hataki mbwa. Waziri, mbwa wa Mama, atapanda ndege aende Uswisi akakae naye. Daktari wa huko anasema huenda mbwa akamsaidia kupona. Nafasi imeshikwa, Jumatatu tarehe 16 Machi, kutoka Nairobi.

Lakini kuna lakini. Wenye ndege wanataka mbwa aingie kwenye kasha lake kwa miguu yake, ametulia, bila dawa ya usingizi. Mbwa wa ukubwa huu akinyweshwa dawa anaweza kufa huko juu. Akipigana wanamkataa palepale. Na Vreni ameandika – hapa nilikaa chini kwenye ngazi ya jikoni – kwamba ikifika Jumamosi tarehe 14 naye hajakubali kasha, daktari wa wanyama aje na sindano. Afie kwake, asiteseke. Familia yote imekubaliana. Anasikitika.

Anasikitika! Waziri alikuwa amelala juu ya miguu yangu, anakoroma.

Mimi siwezi kumchukua. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Chumba changu cha Ukunda, kitanda kikiingia mlango unafunguka nusu, na mwenye nyumba hataki hata paka. Mbwa ana kilo sabini na moja. Mimi nina sitini na tatu, na baada ya Machi sina kazi.

Wiki tatu, basi. Ataingia kwenye hilo kasha.

Jumatano, 25 Februari

Fundi Chengo amekuja kupima. Seremala huyu, Mgiriama wa kweli, ndiye aliyetengeneza milango ya hoteli mbili hapa Diani, siku zile wageni hawajakata mguu. Sasa vitanda vitupu tangu vurugu za Agosti, na mafundi wanashinda barazani. Alikuja na penseli yake sikioni. Aliposikia kazi yenyewe ni kasha la mbwa alicheka. Halafu akamwona Waziri.

Waziri alikuwa anatoka ufukweni. Rangi ya jivu, kifua cheupe, mgongo unanifika kiunoni. Akaja hadi mlango wa jikoni, akasimama. Akabweka mara moja, kwa chini, kutoka kifuani. Nikaitikia nikiwa ndani: Karibu. Akaingia, akapita kando ya meza bila kugusa hata kijiko, akalala mahali pake.

Chengo akaniuliza kama masikio yake mwenyewe ni mazima. Nikamwambia ni mazima. Mbwa huyu hupiga hodi.

Hiyo ni kazi ya Mzee Boga. Mtunza bustani wetu, Mdigo wa Msambweni, mtu wa swala tano. Waziri alipokuwa mtoto aliingia chumbani kwake ametoka kuoga baharini, akajikung'uta juu ya mswala. Mzee hakumpiga. Aliufua mswala, akauanika, akarudi na kuanza shule. Kila Waziri alipokaribia kizingiti alizuiwa kwa ufagio na kuambiwa, "Hodi kwanza." Miezi miwili! Mpaka mbwa akabweka. Na akafundishwa kuishia tatu, kama watu. Hodi ni tatu, asema Mzee. Usipoitikiwa unakwenda zako, bila kinyongo.

Tangu hapo Waziri hapiti mlango wowote bila kuitikiwa. Jikoni mimi ndiye humkaribisha. Barazani alimkaribisha Mama. Kwa Mzee Boga anapiga hodi tatu kila asubuhi, Mzee anamjibu, "Leo sina nafasi," naye anakwenda zake. Miaka mitano. Hajakosa siku, na hajaingia hata mara moja. Siku zote nimewaona wana adabu kuliko wengi waliowahi kulala kwenye nyumba hii.

Chengo akapima urefu, upana, kimo hadi ncha ya masikio. Waziri alisimama wima kama anashonewa suti.

Jumanne, 3 Machi

Kasha limekuja kwenye mkokoteni. Nilitoka nje nikalizunguka mara mbili. Plaiwudi nene kwenye fremu ya mkangazi, kona zote zimepigwa msasa, misumari haionekani. Matundu ya hewa yamepangwa safu tatu nyuma na kila ubavu, yamelingana mpaka unataka kuyapapasa. Mlango wa nondo mbele. Chengo alilala mwenyewe ndani yake saa nzima, karakana imefungwa, aone kama hewa inatosha. Alinieleza hilo kama jambo la kawaida. Nampenda fundi wa namna hiyo.

Waziri amelikataa.

Hakubweka, hakuonyesha meno. Alikaa tu mbele ya mlango, akatutazama. Nikamwambia, Ingia. Akatazama kando. Chengo akatupa nyama ndani, ini zima. Waziri akatoa udenda mpaka ukagusa mchanga, na bado akakaa. Tukamsukuma kwa nyuma, watu wawili. Kusukuma tangi la maji ni afadhali.

Jumatano, 4 Machi

Hakuna.

Alhamisi, 5 Machi

Hakuna. Nimejaribu na neno lake pia, nisije nikajiona mjinga baadaye. Nimesimama kando ya kasha nikamwambia karibu mara ishirini. Alitingisha mkia akaja kwangu, akaniegemea. Kwenye kasha hakutupa hata jicho.

Leo nimemfokea. Mara ya kwanza tangu nimjue. Nilimwambia watakuua, wewe, watakuua kwa ukaidi wako, na yeye akainamisha kichwa mpaka chini. Nimeona haya. Chakula cha jioni sikuweza kula.

Ijumaa, 6 Machi

Mzee Boga!

Nianze mwanzo. Mchana alirudi kutoka msikitini, kanzu bado mwilini, akatukuta mimi na Chengo tunahangaika. Chengo yuko nyuma anasukuma, mimi niko mbele navuta ukanda. Mzee akasimama mbali kidogo kama desturi yake. Yeye hamgusi Waziri, mate yake ni najisi kwake, angelazimika kujitakasa upya. Katika miaka mitano sijaona mkono wake ukimgusa. Akatutazama weee. Mwisho akacheka, meno yake manne yote yakaonekana.

Nikamwambia, "Shikamoo Mzee. Badala ya kucheka ungetusaidia."

"Marahaba, mwanangu. Nicheke nisicheke? Mnamtia mwenzenu ndani ya nyumba ya watu kwa nguvu. Hajakaribishwa."

Nikamwambia nimemkaribisha mpaka koo limekauka.

"Umemkaribisha uko wapi?"

"Hapa nje."

"Ahaa," akasema. "Sasa Hannah, wewe mtoto wa Mackinnon Road, kwenu mtu husimama uani akamwambia mgeni karibu ndani ya nyumba isiyo na mtu? Karibu hutoka ndani. Humo yumo nani?"

Tulichungulia ndani, mimi na Chengo. Kisha Chengo akanitazama, nami nikamtazama. Yeye ni mnene.

Nikavua viatu, nikajifunga leso vizuri, nikaingia kwenye kasha la mbwa kwa magoti. Nyonga zilikwama mlangoni, Chengo akanisukuma na kuomba radhi wakati huohuo. Nikageuka humo ndani, kidevu kwenye magoti. Nikamwona Waziri kupitia mlango, amekaa, masikio yamesimama. Akabweka. Mara moja, kwa chini.

"Karibu," nikasema.

Akaingia. Kilo sabini na moja, akaingia taratibu, akanikanyaga paja, akanikanyaga tumbo, akajikunja juu yangu na kushusha pumzi. Sikuweza kupumua wala kucheka. Nilikuwa nalia nadhani, uso wangu ulikuwa kwenye manyoya yake.

Nje nikamsikia Mzee Boga akimwambia Chengo kwamba mbwa ndiye pekee mwenye akili katika uwanja huu. Na ni kweli. Siku nne tulimwona mkaidi, kumbe alikuwa anasubiri tuwe na adabu.

Jumatatu, 9 Machi

Siwezi kusafiri ndani ya kasha naye, kwa hiyo leo tumepiga hatua nyingine. Nimekaa nyuma ya kasha, nimefichwa nalo, mdomo kwenye matundu ya Chengo. Nikasema karibu kupitia matundu. Sauti inatokea ndani kabisa. Waziri alisita, akaegemeza kichwa upande. Akaingia. Akanusa matundu kwa ndani, akakuta pua yangu.

Mara kumi na mbili leo. Saa nzima na mlango umefungwa. Amelala fofofo.

Alhamisi, 12 Machi

Kwale, kwa karatasi za afya. Rafiki wa Chengo alitupeleka na pikapu. Huko juu kilimani kuna upepo, Waziri alisimama nyuma ya gari na masikio yanapepea, watoto wa shule wakapiga kelele punda, punda.

Kwenye ofisi ya mifugo mlango ulikuwa wazi. Bwana daktari wa serikali alikuwa ameinamia faili. Waziri akasimama kizingitini, akabweka moja. Yule bwana, bila kuinua kichwa, akasema, "Karibu, karibu ndani." Kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angesema. Halafu akainua kichwa.

Alicheka mpaka akatoa miwani. Akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje, tukatoka nje, tukaingia tena. Chanjo ya kichaa cha mbwa iko sawa, moyo uko sawa. Akagonga mihuri mitatu na kuandika kwa mwandiko mzuri ajabu: mbwa mpole, mwenye nidhamu. Nimeisoma njia nzima.

Jumamosi, 14 Machi

Siku ya sindano. Daktari wa wanyama amekuja saa nne na mkoba wake, kama alivyoagizwa. Nilimpa kiti na chai. Nikaenda nyuma ya kasha. Karibu. Waziri akaingia, akalala. Daktari akamaliza chai yake, hakuufungua mkoba. Alipotoka nje ya geti nilifunga komeo, nikampa Waziri ini zima.

Nimempigia Vreni kutoka hoteli ya jirani, simu ya hapa nyumbani imeshakatwa. Quincy wa mapokezi alinisaidia kupata laini. Nikamwambia anakuja.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeruka! Mimi, Hannah. Naandika nikiwa Nairobi, kwa binamu yangu Mercy, masikioni bado nina mlio wa injini.

Nirudi asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu Waziri alikwenda kwa Mzee Boga kama kila siku. Nilimfuata kwa mbali, sikutaka kuingilia. Akapiga ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa nasubiri ile "leo sina nafasi". Haikuja. Badala yake mlango ukafunguka wote, Mzee akatoka nje. Akaketi kwenye kizingiti chake, na Waziri akaketi chini, nafasi ya mkono mmoja kati yao. Hawakugusana. Wakakaa hivyo mpaka jua likafika kwenye miguu yao. Mzee alikuwa anazungumza kwa Kidigo, pole pole, sikusikia maneno na sikutaka kuyasikia.

Alipoinuka alisema kwa Kiswahili, "Haya Bwana Waziri. Nenda kwa amani. Na adabu yako nenda nayo." Akaingia ndani. Leo bustani haikumwagiliwa mpaka saa tano, nadhani.

Kwa nini ndege ndogo: barabara ya Nairobi imekatwa vipandevipande na hii mvua ya El Niño, malori yanalala njiani siku nne. Ndege ilileta watalii wachache Diani na ilikuwa inarudi tupu, Vreni akaipata. Viti viliondolewa, kasha likafungwa kwa mikanda nyuma. Waziri akae sakafuni kando yangu.

Rubani ni mwanamke. Nilidhani ni mfanyakazi wa uwanja, nikampa begi langu alishike! Akalishika. Kapteni Christabel, Mluhya wa Kakamega, mfupi, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Akatupima mimi na Waziri kwenye mizani ya mizigo, mbele ya watu. Mbwa amenizidi kilo nane, ameniambia nisijali, yeye amezidiwa kumi na nne.

Kisha mlango wa ndege. Waziri akasimama chini ya ngazi. Akakaa.

"Hebu mwambie aingie," Kapteni alisema, "slot yangu ya kuruka inapita."

"Si mimi wa kumwambia," nikasema. "Ndege ni ya kwako."

Nikamweleza kwa haraka. Mafundi wawili wakaanza kucheka. Kapteni hakucheka. Alipanda ndani, akageuka, akachuchumaa mlangoni, akavua miwani ya jua. Waziri akabweka moja.

"Karibu sana, Mheshimiwa," akasema. Kiswahili safi kabisa, kama amezaliwa Msambweni.

Waziri akapanda ngazi.

Kuruka kwenyewe sijui nikuandike vipi. Kwanza ni kelele, halafu ardhi inakuachia. Niliona maji, ya kijani karibu na nchi kavu na ya buluu mbali, kisha minazi ikawa midogo, kisha tukageukia bara. Nilikuwa nimeshika ngozi ya shingo ya Waziri kwa mikono miwili. Mawinguni tulirushwa, nikasema Baba Yetu yote, nikakosea katikati nikaanza upya. Yeye? Aliweka kichwa mapajani mwangu. Uzito wote ule. Kila tukirushwa alinitazama usoni kuona kama niko salama. Mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza, lakini aliyesindikizwa ni mimi.

Kapteni akaniita kwa mkono, nikainama kati ya viti vya mbele. Akanionyesha chini. Reli, na barabara kando yake, na msururu wa malori yamekwama kwenye tope jekundu. Mackinnon Road, akasema. Kwetu! Mama yangu yuko hapo chini, anakamua mbuzi, hajui mtoto wake anapita juu. Nikapunga mkono. Kapteni aliona akainamisha bawa upande huo, kidogo tu, kama salamu. Nilimuuliza amejifunza wapi kuendesha. Akasema alianza kwa kuosha ndege. Miaka sita aliziosha.

Nitamkumbuka yule mwanamke mpaka nife.

Jumanne, 17 Machi

Jana sikuweza kumaliza.

Uwanja mkubwa, saa kumi na moja jioni. Banda la mizigo, baridi. Kijana wa hapo alisoma karatasi zote, akazisifu. Akasema haya, atiwe ndani. Akataka kumshika ukanda. Nikamwomba dakika moja. Nikaenda nyuma ya kasha, nikapiga magoti kwenye saruji mbele ya watu na forklifti zao za kubebea mizigo. Nilikuwa nimetandika leso ya Mama Regula humo, ile ya manjano aliyokuwa akijifunga asubuhi.

Akapiga hodi yake. Sauti ilizagaa banda zima.

Mara ya kwanza neno halikutoka. Akapiga ya pili. Nikaona hii ikifika ya tatu atageuka aende zake, na mimi nitakuwa ndiye niliyemuua. Nikasema. Karibu. Karibu baba.

Akaingia. Mlango wa nondo ukafungwa. Akaja nyuma mpaka kwenye matundu, akaweka pua, nikaweka mkono. Unyevu wake ulikuwa bado kiganjani nilipofika kwa Mercy. Sikunawa.

Nampenda. Sijui kwa nini sijawahi kuliandika mahali. Alikuwa mbwa wa Mama na mimi nililipwa kumlisha, lakini nampenda.

Ijumaa, 20 Machi

Nimerudi Diani tangu jana. Nafunga vyombo vya Mama kwenye makaratasi. Hakuna habari. Nilikwenda kwa Quincy mara mbili, ananiambia, "Relax, Auntie, wangepiga kama kuna mbaya." Mzee Boga hakuuliza chochote. Lakini leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, mlango wake ulikuwa wazi na yeye ameketi kizingitini.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika mapokezi ya hoteli, kwenye kochi, daftari kwenye goti. Quincy yuko kwenye simu anabishana na opereta. Nisipoandika nitakula kucha.

Vreni alipiga saa tisa na nusu. Sauti yake imechoka. Waziri amefika salama, alitoka kwenye kasha uwanjani, akanyoosha miguu, watu wakampiga picha. Yote mazuri mpaka nyumbani. Hataki kuingia nyumbani. Tangu Jumanne jioni. Mlango uko wazi, Mama yuko pale sebuleni kwenye kiti chake cha magurudumu, anamwona, na mbwa anamwona yeye, analia, lakini haingii. Anabweka mara tatu, anaondoka, anakwenda kulala kwenye banda la gari. Baada ya muda anarudi, tatu tena. Theluji inaanguka. Hajala. Wanaume watatu walimbeba ndani jana, akatoka nje tena na kusimama mlangoni. Mama analia kutwa. Vreni akasema, kwa sauti ndogo, kwamba huenda walikosea kumleta, na kwamba daktari wa wanyama wa huko anaweza kuja kesho na sindano.

Nikajipiga kofi la paji. Nilikumbuka karatasi, chanjo, leso, kila kitu, na sikumweleza Vreni kuhusu hodi. Si kwamba nilisahau. Sikuona haja. Anakwenda kwa Mama, na Mama huwa anamkaribisha – kichwani mwangu Mama bado anaongea! Mpaka leo hii, saa tisa na nusu, kichwani mwangu Mama alikuwa anaongea.

Nikamweleza. Ilinichukua muda, Kiingereza kilinitoroka, Quincy akadaka akatafsiri. Vreni akaenda sebuleni, akajaribu mwenyewe. Karibu, ya kizungu, mkia wa neno umevutwa. Akarudi kwenye simu. Mbwa aliinua masikio, akasema, lakini hakuinuka. Kwa Waziri yeye ni mgeni mwenziwe.

Ndipo akasema simu yao ina spika. Ataiweka juu ya meza, karibu na Mama, nimkaribishe Waziri mimi. Ananijua sauti.

Nikasema sawa. Nikasikia spika inafunguliwa, chumba kile kikubwa, saa ya ukutani inagonga. Kwa mbali, mlangoni, kucha za Waziri kwenye jiwe. Nilizijua. Nikavuta pumzi niseme karibu.

Halafu sikusema. Sijui Mzee Boga alinipitia kichwani au vipi. Ile si nyumba yangu. Mwenye nyumba yupo, amekaa pale. Mimi niko nje, na Waziri yuko nje, wote wawili tumesimama mlangoni kwa Mama. Aliye nje hupiga hodi. Na Mama ameishi pwani miaka kumi na minne. Kila asubuhi nilipopanda ngazi na chai nilipiga hodi, na hata akiwa usingizini aliitikia kabla hajafungua macho.

Nikasema, "Hodi, Mama."

Saa ya ukutani. Waziri akaisikia sauti yangu, akabweka kule mlangoni, moja, kwa chini, kifuani. Tulikuwa pamoja kabisa.

Nikasema, "Hodi."

Kiti kikalia. Kitu kikaanguka, kijiko labda. Vreni akasema jambo kwa lugha yao, haraka, kama ameshtuka. Na chini ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine, nzito, yenye kutu, inajisukuma kutoka mbali sana:

"Ka–"

Laini ikakatika.

Quincy amejaribu mara nne. Opereta anasema subiri, njia zimejaa, subiri. Mzee Boga amekuja, nani amemwambia sijui, amesimama nje ya mlango wa kioo wa hoteli na kikoi chake cha kazi mabegani, hataki kuingia mpaka nimpe neno. Nimemwonyesha vidole viwili. Ameelewa.

Quincy ananipungia mkono – inaita. Inaita upande ule. Naenda. Nimebakiwa na hodi moja.